Jamani, inn ya kijijini sio kilabu cha pombe

Wiki iliyopita tena. Nampangia dada mmoja siku 3 Cotswolds, eneo la vijiji na vilima huko Uingereza, yeye na mume na watoto wawili, nikamwambia mtalala kwenye inn, yaani nyumba ya wageni yenye chakula na baa, akanyamaza kwenye simu halafu akasema "kaka mi sinywi, unanipeleka baa na watoto?" Nimechoka kuisikia hii. Walokole wananiambia, Waislamu wananiambia, hata watu waliokaa London miaka 15 wananiambia.

Sikilizeni. Inn nyingi za vijijini Uingereza zilikuwa vituo vya wasafiri enzi za magari ya farasi, farasi wanabadilishwa huku abiria wanakula na kulala, ndo maana nyingine mpaka leo utaona lango refu pembeni, gari lilikuwa linapita hapo mpaka uani. Vyumba juu, chakula chini. Pombe ipo ndio, kaunta iko palepale na mzee na glasi yake ya bia, ila ingia Jumapili mchana uone, bibi na wajukuu wanakula nyama ya kuoka na viazi na Yorkshire pudding (kitu cha kuoka cha unga, mayai na maziwa), mbwa kalala mbele ya moto na hakuna anayeangalia kwenye glasi yako kuna nini. Unaagiza kaunta mwenyewe, usikae mezani ukisubiri mhudumu, soda, juisi, chai, vyote vipo. Inn nyingi watoto wanapokelewa wakiwa na mkubwa, ila zipo zinazotaka watoto watoke jioni so uliza kabla hujabuku.

Kwa asiyekunywa shida ya kweli iko jikoni na hilo hakuna anayeniuliza! Samaki wa kukaanga mara nyingi ule unga wake umekorogwa na bia. Pai ya nyama ya ng'ombe nayo, ukiona neno "ale" kwenye menyu ujue imepikwa na bia. Na kwa asiyekula nguruwe, asubuhi sahani inakuja na bekoni, soseji za nguruwe na black pudding, ambayo kwa kawaida ni damu ya nguruwe na nafaka. Waambie tangu siku unabuku, na usiku kabla ya kulala warudie tena, wakutengenezee mayai, uyoga, nyanya na maharage kwenye kikaango kingine. Mi naandika kwenye buking zangu zote za Waislamu, siachi.

Mengine haraka haraka.

Eti bila gari hufiki. Treni toka stesheni ya Paddington, London, mpaka mji wa Moreton-in-Marsh ni kama saa moja na nusu, ukishuka kuna basi 801 linapita Stow-on-the-Wold na Bourton-on-the-Water. Jumapili ndo mabasi yanakuwa ya shida, panga kutembea siku hiyo.

Eti ukikatiza shamba la mtu utaitiwa polisi. Ukiona mshale wa njano kwenye nguzo au kibao cha Public Footpath hiyo ni njia ya umma kisheria, hata ikipita katikati ya ngano ya mtu. Fuata njia, funga geti nyuma yako, ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali.

Eti Arlington Row, ile safu ya nyumba za zamani za mawe kijiji cha Bibury, ni makumbusho. Zile nyumba watu wanaishi! Piga picha ukiwa njiani, acha kuchungulia madirishani.

Na hii ya "tutakula tukifika" ife kabisa. Jiko la kijijini mara nyingi linafungwa kama saa 8 na nusu mchana, linafunguliwa saa 12 jioni, saa 3 usiku basi, na Jumapili jioni wengi hawapiki. Familia moja niliyowapangia walikwama foleni barabara kuu ya M40 wakafika saa 3 na dakika 20, watoto wakalala na pakiti za krispi. Ukiona mmechelewa pigeni simu mkiwa bado njiani, wengi watawawekea hata supu na mkate.