Kitenzi "habere" cha Kilatini: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wanaojifunza Kifaransa, wawe Bujumbura, Lubumbashi au Nairobi, hukaririshwa viishio vya wakati ujao, -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont, na ni wachache wanaoelezwa kwamba viishio hivyo ni mabaki ya kitenzi kizima kilichowahi kusimama peke yake. Kitenzi hicho ni habere, ambacho kwa Kilatini kilimaanisha kushika kitu au kuwa nacho. Uzao wake ni avere ya Kiitaliano, avoir ya Kifaransa, haber ya Kihispania, haver ya Kireno na ya Kikatalunya, pamoja na a avea ya Kiromania, zote zikiwa lugha za Kirumi, yaani lugha zilizotokana na Kilatini. Historia yake inastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu mengi yanayosemwa kuihusu si sahihi.

Dhana potofu: Lugha za Kirumi ni Kilatini cha vitabuni kilichoharibika.

Dhana hii inachukulia kwamba Warumi wote walizungumza kama mwandishi wao mashuhuri Cicero alivyoandika, kisha dola ilipoanguka watu wakaanza kukosea. Ukweli ni kwamba lugha ya mitaani na lugha ya maandishi ziliishi pamoja tangu dola ikiwa imara. Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79, kuna maandishi yanayomtakia hasira ya Venus yeyote atakayeharibu kilichochorwa hapo, na mwandishi wake ameandika abiat mahali ambapo sarufi ya shule ingedai habeat. Herufi h haipo kwa sababu haikutamkwa tena kinywani mwake, na e iliyotangulia a imekuwa i. Katika maandishi hayohayo, Venerem imepoteza m ya mwisho. Mtu huyo aliishi katika karne moja na mwanafalsafa Seneca, dola ikiwa katika nguvu zake, na usemi wa watu wa aina yake ndio uliozaa Kiitaliano, Kihispania na ndugu zao.

Dhana potofu: "Chanterai" ya Kifaransa na "cantaré" ya Kihispania zimetokana na "cantabo" ya Kilatini.

Kwa kuwa maumbo yote matatu yana maana ya "nitaimba", ni rahisi kudhani kwamba moja limezaa mengine. Lakini wakati ujao wa Kilatini cha kale ulikufa bila kuacha mrithi katika lugha hizi, na sababu moja kubwa ilikuwa matamshi. Sauti b iliyo kati ya irabu mbili ilianza kutamkwa karibu sawa na v, hivyo amabit, "atapenda", ikagongana na amavit, "alipenda". Kwa upande mwingine, irabu fupi i na e zilipokaribiana mwishoni mwa neno, dicet, "atasema", haikutofautiana tena na dicit, "anasema". Lugha isiyoweza kutofautisha atakayesema na anayesema hulazimika kutafuta njia nyingine.

Njia iliyopatikana ilikuwa cantare habeo, ambayo maana yake ya awali ilikuwa "nina jambo la kuimba" au "sina budi kuimba". Mmoja wa waandishi wa mwanzo kuutumia muundo huu kwa wingi alikuwa Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, aliyeutumia hasa kueleza mambo yaliyotabiriwa na ambayo hayakuwa na budi kutimia. Kutoka "halina budi kutokea" hadi "litatokea" ni hatua fupi mno. Kufikia karne ya 7, kumbukumbu za kihistoria zinazojulikana kwa jina la Fredegar zinasimulia kwamba mfalme wa Uajemi, alipotakiwa na Justinian, mtawala wa dola ya Roma ya Mashariki, kurudisha majimbo, alijibu "Non dabo", yaani "sitatoa", naye Justinian akamjibu "Daras", yaani "utatoa". Jibu la kwanza ni la Kilatini cha kale. La pili ni dare habes iliyokwisha kuungana kuwa neno moja. Sijui mfano ulio bora kuliko huu, kwa kuwa njeo ya zamani na mrithi wake zinakutana katika majibizano ya mstari mmoja. Mwaka 842, katika Viapo vya Strasbourg, mfalme Louis Mjerumani aliapa kwa lugha ya Kirumi ili askari wa ndugu yake Charles wamwelewe, na katika kiapo chake mna salvarai, "nitamlinda", na prindrai, "nitachukua", ambazo zinakaribiana sana na maumbo ya Kifaransa cha leo.

Anayetaka uthibitisho bila kufungua maandishi ya kale apange tu mnyambuliko wa haber kando ya wakati ujao wa Kihispania: he, has, ha, hemos, habéis, han; kisha cantaré, cantarás, cantará, cantaremos, cantaréis, cantarán. Isipokuwa habéis iliyokatwa ikabaki -éis, viishio ni vilevile. Katika Kifaransa, avons na avez zimepoteza av- na kubaki -ons na -ez. Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika Kireno cha maandishi rasmi, hasa cha Ureno, ambapo kiwakilishi bado kinaweza kuingia katikati ya neno: dar-te-ei, "nitakupa". Hilo lisingewezekana kama dar na -ei zisingekuwa maneno mawili hapo zamani. Hata njeo ya masharti imejengwa hivyohivyo, ila kwa wakati uliopita wa habere: Kihispania cantaría na Kifaransa chanterais zilitoka kwa cantare habebam, ilhali Kiitaliano canterei ilipitia habui.

Dhana potofu: "Haben" ya Kijerumani ni ndugu wa "habere".

Zinafanana kwa sauti, maana ni moja, na zote mbili ni vitenzi visaidizi. Hata hivyo, hazina asili moja. Konsonanti k ya lugha mama ya kale, iliyozaa Kilatini na Kijerumani pia, iligeuka h katika lugha za Kijerumani, na ndiyo maana cornu ya Kilatini, "pembe", inalingana na Horn, na centum, "mia", inalingana na hundert. Kwa kanuni hiyo, ndugu wa haben katika Kilatini ni capere, "kukamata". Habere yenyewe huhusishwa na wataalamu wengi na geben, "kutoa".

Dhana potofu: Kiitaliano kimehifadhi "h" ya Warumi katika "ho" na "hanno".

Hakuna Mwitaliano anayeitamka. Imebaki kwenye maandishi ili kutenganisha ho na o, "au", na hanno na anno, "mwaka". Avere yenyewe haina h. Wahispania nao waliandika aver kwa karne nyingi, na h ikarudishwa katika karne ya 18, pale Akademia ya Kifalme ilipoamua kuzingatia asili ya maneno.

Dhana potofu: Katika "j'ai écrit" ya Kifaransa, yaani "nimeandika", neno "ai" ni kanuni tupu isiyo na maana.

Habeo epistulas scriptas ilimaanisha "ninazo barua zilizoandikwa", na kivumishi kilipatana na barua kwa jinsia na idadi. Polepole mkazo ulihama kutoka kwenye kumiliki kwenda kwenye tendo lililokamilika, kwani mwenye barua zilizoandikwa mara nyingi ndiye aliyeziandika. Upatanisho ule wa zamani haukufutika wote: Kifaransa huandika les lettres que j'ai écrites, "barua nilizoandika", na Kiitaliano husema le ho scritte, "nimeziandika". Kanuni ya Kifaransa, inayotegemea kama yambwa imetangulia kitenzi, ilitetewa na mshairi Clément Marot katika karne ya 16 kwa kufuata mfano wa Kiitaliano, na mwanafunzi anayeihangaikia leo anastahili kuambiwa kwamba chini yake kuna sentensi ya kawaida kabisa kuhusu mtu na barua zake.

Dhana potofu: Lugha zote za Kirumi zilikipeleka kitenzi hiki njia moja.

Kiromania huunda wakati ujao kwa kitenzi cha kutaka: voi cânta. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, maana kiambishi -ta- cha "nitaimba" nacho huhusishwa na -taka. Hata hivyo, kando ya umbo hilo Waromania husema pia am să cânt, ambamo a avea inarudi. Kisardinia kina appo a cantare, maneno yakiwa bado yametengana na kitenzi cha kuwa na kikitangulia.

Kwa kueleza umiliki, Kihispania na Kireno zilikiacha kitenzi hiki zikachukua uzao wa tenere, "kushikilia". Mhispania husema tengo un libro, "nina kitabu". He imebakia kuwa kitenzi kisaidizi tu, na umbo hay, "kuna", ni ha iliyoungana na y yenye maana ya "hapo", sawa na il y a ya Kifaransa. Napoli pia husema tengo. Kireno kilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa hata usaidizi kilimpa ter, uzao wake wa tenere, na tenho escrito haisemi "nimeandika" mara moja bali "nimekuwa nikiandika" siku hizi. Katika mazungumzo ya Brazil, hata kazi ya "kuna" imechukuliwa: watu husema tem muita gente, "kuna watu wengi", na há imebaki zaidi katika maandishi na katika kutaja muda uliopita, kama vile há dois anos, "miaka miwili iliyopita".