Choroko Haiachi Kuwa Baridi kwa Sababu Umeipasha Moto

Juzi usiku nimepokea tena ujumbe wa sauti. Kaka mmoja mfanyabiashara, tumbo linamsumbua tangu afike hapa Guangzhou, kusini mwa China, analalamika: "Dada, uliniambia choroko ni baridi, nipunguze. Mbona supu yake nainywa ikiwa ya moto kabisa, na asubuhi bado nakimbilia chooni?" Huyo ni wa nne mwezi huu. Wa kwanza alikuwa akipasha tikiti kwenye maikrowevu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Baridi tunayoizungumzia sisi tunaotibu kwa chakula cha Kichina haipimwi kwa kipimajoto. Simama mbele ya duka lolote la liangcha, kinywaji cha mitishamba, mjini humu, yale yenye birika kubwa la shaba lenye umbo la kibuyu. Jina lenyewe maana yake ni chai ya baridi. Utapewa kikombe cha maji meusi, machungu kama shubiri, yanayofuka mvuke hadi midomo inaungua. Yameunguza midomo na bado ni baridi, kwa sababu kinachotazamwa ni kile kinachobaki mwilini baada ya kumeza: kiu imepungua, vidonda vya mdomoni vimetulia, choo kilichokuwa kigumu kimelainika. Mchina wa Kusini akisema "shanghuo", moto umempanda, hana homa. Ana koo kavu, chunusi na usingizi wa mang'amung'amu, na mara nyingi anakumbuka vizuri alikula nini cha kukaanga jana.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutoelewa hili. Bibi yangu Tanga alimpikia kila mzazi uji wa pilipili manga katika arobaini yake. Uji ule ukipoa hadi ukaganda juu, bibi hakusema sasa umekuwa baridi, ulibaki kuwa chakula cha moto. Na maji ya dafu yalikuwa baridi hata yakitoka juani. Wachina nao humweka mzazi ndani mwezi mzima, na Wakantoni, wenyeji wa huku Guangzhou, humpikia tangawizi nyingi ndani ya siki tamu. Nilipofundishwa hayo darasani nilimwona bibi yangu mbele ya macho.

Sasa nije kwenye sehemu inayowachanganya hata wanafunzi. Moto wa jikoni unaweza kubadilisha asili ya chakula. Moto wa kwenye bakuli hauwezi. Chukua mzizi wa yungiyungi. Ukiukata mbichi unatoa maji, unalia kachukachu mdomoni, na kati ya vipande viwili zinavutika nyuzi nyembamba kama za buibui. Huo ni baridi, na ulipewa watu wenye kiu na joto. Uweke kwenye chungu kwa saa mbili, unabadilika rangi kuelekea wekundu, unakuwa wa unga kama kiazi, na vitabu vinauita wa vuguvugu, mzuri kwa tumbo dhaifu. Ukipoa baada ya hapo haurudi kuwa baridi. Karanga vilevile: za kuchemsha hazina shida, za kukaanga zinapandisha moto. Tangawizi mbichi ni vuguvugu, iliyokaushwa ni moto hasa. Majani ya chai ni ya mmea mmoja, lakini chai ya kijani huhesabiwa baridi na chai tunayoweka maziwa huhesabiwa vuguvugu. Kwa hiyo usiniulize "ni ya moto au imepoa?" Niulize imepikwaje, na nani anakula.

Huyo kaka ana ulimi mpana, mweupe, wenye alama za meno pembezoni. Choo chepesi, miguu mizito jioni. Sisi tunasema wengu, ambao katika tiba hii ndio unaosimamia usagaji wa chakula, umechoka na unyevu umejaa, jambo la kawaida kwa mgeni katika hewa nzito ya mji huu. Choroko zilizowekwa kwa ajili ya mtu mwenye joto la kiangazi zinamzidishia. Nimemwandikia kuku nusu, huaishan iliyokaushwa (ni ndugu wa kiazi kikuu chetu), mbegu za yungiyungi, tende nyekundu za Kichina tano (ni jamii ya kunazi, si tende zetu) zilizotolewa kokwa, na vipande vitatu vya tangawizi. Chemsha kuku kwanza, mwaga povu, anza upya na maji safi, moto mdogo, saa moja na nusu. Chumvi mwishoni.

Wakantoni wana usemi wao kuhusu supu: kuchemsha kwa muda wa saa tatu, kupika kwa mvuke kwa muda wa saa nne. Hapo mimi siwafuati tena, na najua baadhi ya walimu wangu hawatapenda kusoma hili. Protini nyingi inabaki kwenye nyama, wala haihamii kwenye maji, kwa hiyo anayekunywa supu na kutupa nyama ametupa lishe. Weupe wa supu ya mifupa ni mafuta yaliyochanganyika na maji, si kalsiamu. Na kadiri unavyochemsha nyama ndivyo purini, zinazochochea jongo, zinavyoingia kwenye mchuzi, na mwenye jongo atalipa usiku huohuo.

Kuna jambo jingine linaloninyima raha. Vitabu vyenyewe havikubaliani kuhusu vyakula vingi, hiki kinasema baridi, kile kinasema katikati. Na mtu akinywa bakuli mbili za maji ya choroko siku ya jua kali akajisikia nafuu, siwezi kuapa kwamba ni asili ya choroko na si maji tu. Naendelea kuutumia mpangilio huu kwa sababu unanilazimisha kumtazama mtu kabla ya kumtajia chakula.

Ila msichukue neno "chakula" kama ruhusa. Mwaka 2002 serikali ya China ilitoa orodha ya vitu 87 vinavyohesabiwa chakula na dawa kwa pamoja, na baadaye ikaongeza vingine, huangqi, mzizi wa dawa, ikiingia mwaka 2023. Goji, vile vitunda vyekundu vilivyokaushwa, imo, na goji hiyohiyo imewahi kuwazidishia hatari ya kutokwa damu wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Gancao, mzizi mtamu uitwao licorice kwa Kiingereza, nayo imo, na ukiizidisha inapandisha presha. Ukiwa na dawa za hospitali, niambie kabla sijakutajia chungu.

Jana jioni kaka yule amenitumia picha ya chungu chake. Kuku yumo, huaishan imo, tende zimo. Pembeni kabisa naona punje za kijani. "Kidogo tu dada, na itakuwa ya moto." Nimemwambia azitoe zote kwa kijiko, moja moja.