Kuzalisha koi nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi Kisumu na Nakuru wameambiwa kwamba koi, samaki wa mapambo wenye rangi, hawazai bila mtaalamu na sindano ya homoni. Si kweli. Homoni hutumiwa zaidi na wazalishaji wakubwa wanaotaka majike wengi watage kwa pamoja. Katika bwawa la nyumbani, koi waliokomaa hutaga wenyewe maji yakifika nyuzijoto 20 na kuendelea. Kisumu joto hilo halikosekani. Nakuru, iliyo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya nje hupoa mno Juni na Julai, kwa hiyo subiri miezi ya joto.

Kwamba wako tayari utajua kwa dume. Mshike taratibu, upitishe kidole kwenye mashavu na mapezi ya mbele: kuna vipele vidogo vinavyokwaruza kama msasa. Kwa kawaida ni alfajiri madume humfukuza jike na kumsukuma hadi atage, na mayai hunata popote yanapogusa. Kisumu watu hutupia gugumaji kutoka ziwani. Mizizi yake inashika mayai vizuri, lakini huja na lava (watoto wa majini) wa kerengende, na hao hula vifaranga bila huruma. Mimi nasema tumia kamba ya nailoni, uifumue nyuzi na kuiosha.

“Wazazi watalinda mayai.” Nadhani dhana hii imetoka kwa ngege, ambaye jike wake hubeba mayai mdomoni. Koi huyala. Watoe asubuhi hiyohiyo.

“Bwawa jipya la saruji liko tayari likishakauka.” Saruji mpya hutoa chokaa inayounguza samaki. Jaza, mwaga, rudia kwa wiki kadhaa, na upime maji kabla ya kutia kiumbe chochote. Maji ya mfereji nayo yana klorini; iondoe kwanza.

Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Vifaranga hukaa siku mbili tatu wakitumia kiini walichozaliwa nacho, kisha huanza kuogelea, na hapo ndipo wape kiini cha yai la kuchemsha kilichochujwa kwa kitambaa. Kidogo tu! Kinachobaki huoza na kuwaua usiku mmoja.

Dhana inayoumiza kuliko zote ni kwamba wazazi wazuri huzaa watoto wazuri. Jike mmoja hutaga hadi mayai laki moja kwa kila kilo ya uzito wake, na hata wazazi wote wawili wakiwa weupe wenye mabaka mekundu yaliyokaa sawa, watoto wengi hutoka weupe watupu, wekundu watupu, au wenye mabaka hafifu. Lazima uchague wa kubaki na wa kutoa, kuanzia wiki chache za mwanzo, na uchague tena. Anayewaonea huruma wote huwadumaza wote, kwa sababu maji hujaa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe. Wala usiamini kwamba koi hukua kadiri ya bwawa: mdogo aliyebanwa amedumaa, na mwenye nafasi hupita sentimita 60.

Uliowatoa usiwatupe mtoni wala ziwani. Koi ni aina ya samaki aitwaye karpu, aliyechaguliwa kwa rangi huko Niigata, Japani, katika karne ya 19. Naivasha, katika kaunti hiihii ya Nakuru, karpu waliingia ziwani bila kukusudiwa, wakaanza kuonekana kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani ya miaka kumi hivi wakatawala uvuvi. Jirani anayefuga kambare atawapokea kwa furaha.