Je, wajua kwa nini katuni nyingi za Marekani ziliishia sehemu ya 65?

Chukua katuni za Marekani za miaka ya 1980 na 1990, uhesabu sehemu za kila moja. Chip 'n Dale Rescue Rangers: 65. TaleSpin, ile ya dubu Baloo anayerusha ndege ya mizigo: 65. Gummi Bears: 65. Nje ya Disney, He-Man alifika 130, yaani 65 mara mbili, na ThunderCats vivyo hivyo. Na kwingine pia unakutana nayo: msimu wa kwanza wa Tiny Toon Adventures una sehemu 65, wa Animaniacs 65, na Batman wa mwaka 1992 aliagizwa kwa idadi hiyohiyo.

Kampuni mbalimbali, waandishi wasiojuana, hadithi zisizohusiana hata kidogo, halafu wote waishiwe na maneno mahali pamoja? Haingii akilini. Idadi hiyo haikutoka kwa wachoraji wala waandishi. Aliyeipanga ni muuzaji, na alipanga akiwa na kalenda mkononi.

Tuanze na mfumo wenyewe. Sisi tumezoea kwamba taarifa ya habari ya TBC ya saa mbili usiku ni ileile Mwanza na Mtwara. Marekani haikuwa hivyo. Kila mji ulikuwa na vituo vyake, na kila kituo na mwenyewe. Vingine vilifungamana na mashirika makubwa, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ABC, CBS na NBC, vikapokea kutoka huko vipindi vya usiku na katuni za Jumamosi asubuhi. Saa zilizobaki kila kituo kilijitafutia. Na kulikuwa na vituo huru, visivyo na shirika lolote, ambavyo vililazimika kujaza siku nzima kwa filamu za zamani, marudio na michezo ya timu za nyumbani. Miaka ya 1980 vituo hivi viliongezeka sana, na vyote vilihangaikia jambo moja: turushe nini saa tisa alasiri, watoto wakishatoka shule?

Mwenye katuni basi alizunguka akiuza mji kwa mji, kituo kwa kituo. Mara nyingi hakuna aliyetoa fedha. Kituo kilipewa kipindi bure, na bei yake ilikuwa dakika za matangazo. Katika kila nusu saa, baadhi ya dakika alibaki nazo mwenye katuni, akawauzia watengenezaji wakubwa wa midoli na nafaka za kifungua kinywa kwa ajili ya nchi nzima. Zilizosalia, kituo kiliwauzia wafanyabiashara wa mjini kwake. Ila mtengenezaji wa midoli hanunui tangazo linaloonekana miji mitatu tu. Anataka nchi yote, au karibu yote. Kwa hiyo mwenye katuni alihitaji kituo kizuri katika kila mji mkubwa, na kukosa Los Angeles au New York lilikuwa pigo kwelikweli. Tutairudia Los Angeles.

Sasa hesabu. Kipindi cha Jumamosi kinarushwa mara moja kwa wiki. Mwaka una Jumamosi 52, nayo mashirika makubwa yaliagiza sehemu 13 hivi: zinaonyeshwa mara moja, zinarudiwa mara tatu, mwaka umekwisha. Kipindi cha kila siku ya shule kina siku tano kwa wiki, yaani nafasi 260 kwa mwaka. Gawanya kwa nne ileile upate 65. Ni wiki 13, siku tano tano, robo ya mwaka bila kurudia hata mara moja. Ukiagiza pungufu, marudio yanaanza mapema na kituo kinalalamika. Ukiagiza zaidi, umechoma fedha bure, kwa sababu mtoto wa miaka saba hana tatizo kuona kitu kilekile mara ya nne. Mzazi yeyote mwenye televisheni analijua hilo.

Yaani 65 ndicho kiwango cha chini ambacho katuni ilipaswa kukifikia ndipo iuzike kwa siku za wiki. Waliotaka wangeweza kuvuka: DuckTales ilifika 100, Darkwing Duck 91. Lakini kila sehemu iliyozidi hapo ilihitaji sababu ya kibiashara, na mara nyingi sababu haikuwepo.

Njia ilifunguliwa na He-Man mwaka 1983. Studio ya Filmation ilimtengeneza kutokana na mdoli wa kampuni ya Mattel na kumpeleka moja kwa moja kwenye vituo, bila kupitia shirika lolote. Mwaka uliofuata FCC, tume ya serikali inayosimamia utangazaji, ikaondoa ukomo wa muda wa matangazo katika vipindi vya watoto. Milango ikawa wazi. Katuni za midoli zikamiminika, nyingine ukizitazama huoni tofauti kati ya hadithi na tangazo.

Disney ilichelewa kuingia. Michael Eisner alishika uongozi wa kampuni mwaka 1984, na kabla mwaka haujaisha kukawa na idara ya katuni za televisheni. Gummi Bears ilianza NBC Septemba 1985, kwa mwendo wa Jumamosi, sehemu chache kila msimu. Kisha, Septemba 1987, ikaja DuckTales: Scrooge McDuck, bata tajiri bahili ambaye mchoraji Carl Barks alimbuni mwaka 1947, akizunguka dunia kutafuta hazina pamoja na wajukuu watatu wa ndugu yake. Disney iliagiza sehemu 65 kwa mpigo, kabla mtoto hata mmoja hajaiona. Linganisha: Gummi Bears ilihitaji misimu sita kufika 65. DuckTales ilizimaliza katika msimu mmoja.

Huo ni mzigo usio wa kawaida. Sehemu moja ni kama dakika 22. Mara 65 ni dakika 1,430, karibu saa 24, sawa na filamu 18 za dakika 80. Wakati huo idara ya filamu ya Disney haikuwa inatoa zaidi ya filamu moja ya katuni kwa mwaka. Uchoraji ulipelekwa Asia, kwenye studio kama TMS ya Tokyo na Wang Film ya Taiwan, huku hadithi, sauti na michoro ya mwongozo vikitayarishwa Marekani. Ndiyo maana ukitazama kwa makini unaona uso wa mhusika yuleyule ukibadilika kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mikono ilikuwa mingi.

DuckTales ililipa. Mwaka 1989 Rescue Rangers wakaongezwa. Kisha, Jumatatu ya Septemba 10, 1990, Disney ikaacha kuuza kipindi kimoja kimoja na kuanza kuuza alasiri nzima. Mkupuo huo wa saa mbili uliitwa The Disney Afternoon. Kituo kilichofuata mpango wa kawaida kilianza na Gummi Bears saa tisa, DuckTales saa tisa na nusu, Rescue Rangers saa kumi na TaleSpin, ambayo ndiyo ilikuwa mpya, saa kumi na nusu.

Angalia jinsi mpango huo ulivyozunguka, maana hapo ndipo akili ya biashara ilipolala. Kila Septemba katuni mpya ilishika nafasi ya mwisho, zilizokuwepo zikasogea nusu saa mbele, na ya kwanza ikatoka, kama foleni ya kinyozi. Mwaka 1991 Gummi Bears ikatoka, Darkwing Duck ikaingia. Mwaka 1992 DuckTales ikatoka, Goof Troop ikaingia. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Rescue Rangers kumpisha Bonkers, na mwaka 1994 TaleSpin ilimpisha Aladdin. TaleSpin basi ilikaa miaka minne kamili: ilianza saa kumi na nusu, ikamaliza saa tisa. Kituo kilipata kipya kila mwaka, Disney ikagharamia mfululizo mmoja mkubwa badala ya minne, na sehemu zilezile 65 zikaendelea kuzunguka.

Tofauti na Disney, wengi walikuwa na katuni nzuri lakini hawakuwa na nyingine tatu za kuisindikiza.

Sasa Los Angeles. DuckTales ilikuwa ikionekana huko kupitia KTTV, kituo cha kampuni ya Fox. Mwaka 1988 Disney ilinunua kituo chake yenyewe mjini humo, KHJ, ambacho baadaye kilibadilishwa jina kuwa KCAL. Ukishakuwa na duka lako, kwa nini bidhaa yako bora ikae kwa jirani? Disney ikaihamishia DuckTales KCAL. Barry Diller, mkuu wa Fox, alikasirika, akaagiza vituo vinavyomilikiwa na Fox katika miji mingine viitupe katuni hiyo. Hakuishia hapo. Fox na vituo washirika wake wakaanzisha mtandao wao wa katuni, ambao baadaye ulijulikana kama Fox Kids, chini ya Margaret Loesch. Disney ilikwenda mahakamani mwaka 1990 ikidai kwamba Fox inavishinikiza vituo vyake viikatae bidhaa ya Disney. Miaka miwili baadaye ikaiacha kesi.

Mtandao huo wa katuni za Fox ulianza kurusha Septemba 8, 1990, siku mbili kabla ya The Disney Afternoon. Kwa maoni yangu hamaki ya Diller iliwafaa watoto kuliko kanuni yoyote ya serikali, kwa kuwa pande zote mbili zililazimika kumwaga fedha. Batman wa mwaka 1992, mwenye giza na muziki wa okestra, asingepata bajeti ile kama Fox isingekuwa inatafuta kitu cha kuwapiga nacho bata wa Disney.

Mauzo haya yaliacha alama hata ndani ya hadithi. Kwa kuwa sehemu zilirudiwa mara nyingi na mtoto angeweza kudandia popote, kila hadithi ilibidi imalize palepale ilipoanzia. Scrooge akipoteza utajiri wake leo, kesho hazina imejaa. Isipokuwa mwanzo: DuckTales ilizinduliwa kwa filamu ya televisheni ya saa mbili, ambayo kwa marudio ilikatwa vipande vitano, Jumatatu hadi Ijumaa. Gargoyles ya Greg Weisman, iliyoanza Oktoba 1994, nayo ilifunguliwa kwa hadithi ya vipande vitano, lakini ikathubutu kuendeleza hadithi: wahusika walibadilika, maadui walikumbuka walichotendewa. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 13, wa pili 52. Jumlisha mwenyewe.

Kufikia hapo ardhi ilikuwa imeanza kutitia. Vituo huru, wale wateja wa asili, vilikuwa vinapungua kwa kujiunga na mashirika mapya. Fox ilizidi kuvuta vituo ilipopata haki za ligi ya soka ya Kimarekani, NFL, na Januari 1995 yakazaliwa WB na UPN. WB ilileta katuni zake Septemba mwaka huohuo. Watoto wenye kebo walikuwa na Nickelodeon, na tangu Oktoba 1992 Cartoon Network, ambako katuni hazisubiri mtu atoke shule. Sheria ya mwaka 1990 ilikuwa imeshaweka kikomo cha dakika 12 za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto siku za wiki, na kanuni ya mwaka 1996 ikavitaka vituo virushe saa tatu za elimu kwa watoto kila wiki. Wenye vituo nao waligundua kwamba alasiri ileile ukimweka mtangazaji na wageni wa kuzozana, au hakimu wa kwenye televisheni, watu wazima wanatazama, na tangazo la watu wazima lina bei.

Mwaka 1996 Disney ilikamilisha ununuzi wa ABC. Sasa ilikuwa na shirika lake la nchi nzima. Haja ya kubembeleza kituo kimoja kimoja ikapungua. KCAL, kituo kilichoanzisha ugomvi wote, kikauzwa mwaka huohuo kwa kampuni ya Young Broadcasting, kwa sababu ABC ilishakuwa na kituo chake Los Angeles. Jina The Disney Afternoon likaondolewa mwaka 1997. Fox Kids iliendelea miaka michache zaidi, na mwaka 2001 hazina kubwa ya katuni zake ikanunuliwa na, ndiyo, Disney.

Ila 65 haikufa. Disney iliibeba hadi kwenye Disney Channel, chaneli yake ya kebo, ambako haikuwa na kituo cha kuuzia wala ukuta wa siku 260 wa kujaza. Lizzie McGuire, kipindi cha waigizaji na siyo katuni kamili, kilisimamishwa katika sehemu ya 65 kikiwa bado kinapendwa. Kim Possible nayo ilikusudiwa kuishia hapohapo. Mashabiki walipiga kelele, ikapewa msimu mmoja zaidi na kufika 87.