Roglaiti ya kubadili wahusika: ni gemu ya namna gani, na anayeanza ashike wapi

Roglaiti ni gemu inayochezwa kwa raundi. Unaingia, unapambana, unakufa, unarudishwa mwanzo; na ukirudi unakuta ramani imebadilika, maadui wamepangwa upya, na vitu vya kuokota si vile vya raundi iliyopita. Karibu kila ulichokusanya kinapotea pamoja nawe. Kinachobaki ni kidogo, mara nyingi aina moja ya fedha au madini, na hicho ndicho unachotumia kujiimarisha kabla ya kuingia tena.

Roglaiti ya kubadili wahusika ina masharti hayohayo, ila hupewi mpiganaji mmoja. Una wawili au zaidi, kila mmoja na silaha yake, mwendo wake na uwezo wake, na gemu inakutaka uwatumie wote. Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapokwama, hata wale wenye vidole vyepesi.

Ukoo wenyewe ni wa zamani. Unatokana na Rogue, gemu ya mwaka 1980 iliyoanzishwa na Michael Toy na Glenn Wichman kwenye kompyuta za Unix, na baadaye Ken Arnold akatia mkono wake. Hapakuwa na picha. Shujaa alikuwa alama ya @, mazimwi yalikuwa herufi kubwa kutoka A hadi Z, na ukifa ndiyo imetoka hiyo. Mwaka 2008 watengenezaji wa gemu za ukoo huu walikutana Berlin wakaandika sifa zake: ramani inayojipanga kwa bahati nasibu, kifo kisicho na marejeo, kucheza kwa zamu, na nyinginezo. Orodha hiyo bado inazua ubishi, na sioni dalili ya ubishi kuisha. Roglaiti ni tawi lililolegeza kamba: linabakiza bahati nasibu na kifo, lakini mara nyingi mapigano ni ya papo kwa papo badala ya zamu, na kifo kinakuachia kitu mkononi.

Kubadili wahusika nako kuna namna zake. Kwenye Rogue Legacy ya mwaka 2013, unabadili kwa kufa: shujaa akianguka, unachagua mrithi mmoja kati ya watatu, kila mmoja na vipaji na kasoro zake. Kwenye Children of Morta ya mwaka 2019, unabadili kati ya safari moja na nyingine. Pale kuna familia nzima ya wapiganaji, na ukimng'ang'ania mmoja mfululizo anachoka, kiwango chake cha damu kinashuka, mpaka umpumzishe na kumtoa mwingine. Namna ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo: kubadili katikati ya pambano, adui akiwa mbele yako na upanga umeshainuliwa.

Mfano wake mzuri ni Skul: The Hero Slayer, gemu iliyotengenezwa na SouthPaw Games ya Korea Kusini, ambayo toleo lake kamili lilitoka Januari 2021. Mhusika ni kiunzi kidogo cha mifupa, mlinzi wa ngome ya Mfalme wa Mashetani. Wanadamu wameivamia ngome, wamemchukua mfalme, na mlinzi huyu ndiye anayekwenda kumkomboa. Silaha yake kubwa ni vichwa. Akivaa fuvu la mwingine anageuka kuwa huyo mwingine: fuvu la Werewolf linampa kasi na makucha, la Minotaurus linampa mapigo mazito, la Hunter linampa mishale. Anabeba mafuvu mawili kwa wakati mmoja na kubadilishana kwa kitufe. Hata asipokuta fuvu jipya bado ana lake mwenyewe, ambalo anaweza kulirusha kichwa kizima kwa adui kisha akahamia papo hapo pale kilipoangukia. Si mbinu ya kudharau. Wanaoanza hulitupa fuvu hilo mapema mno.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Mtu anapata mafuvu mawili, analipenda moja, na lile la pili analiweka kama tairi la spea: litatumika mambo yakiharibika. Anapigana na moja tu mpaka damu ikaribie kwisha, ndipo anabadili. Hesabu hiyo ingekuwa na maana kama kila mhusika angekuwa na damu yake. Kwenye Skul damu ni moja. Fuvu jipya halikuletei uhai mpya. Linaingia na majeraha yaleyale. Kwa hiyo aliyelisubirisha mpaka dakika ya hatari hajaokoa chochote, amepoteza tu nusu ya nguvu zake chumba kizima.

Kubadili ni pigo. Fuvu linapoingia linafanya shambulio lake la kuingilia, na kila fuvu lina la kwake: kuna linaloruka na kutua kwa kishindo, kuna linalokata mbele. Baada ya hapo kitufe cha kubadili kinahitaji muda wa kuchaji kabla hujakitumia tena. Ukiliangalia hivyo, kukaa na kitufe kilichochaji bila kukibonyeza ni sawa na kuwa na uwezo maalumu uliojaa na kugoma kuutumia.

Chukua chumba cha kawaida: askari watatu chini, mpiga mishale mmoja kwenye jukwaa la juu. Umeingia na fuvu zito. Anayeanza hukimbilia katikati na kuanza kugonga. Mwenye uzoefu husogea nyuma hatua chache kwanza, askari wote watatu wamfuate na kurundikana mahali pamoja, ndipo atoe uwezo wake wote juu ya rundo hilo. Uwezo umetumika, sasa unachaji, na kwa sekunde hizo fuvu zito halina zaidi ya pigo la kawaida lililo pole. Huo ndio wakati wa kubadili. Fuvu jepesi linaingia kwa shambulio lake, linamaliza waliobaki kwenye rundo, na kwa kuwa lina kasi ndilo linalopanda juu kumfuata mpiga mishale kabla hajavuta tena. Akianguka, aghalabu kitufe cha kubadili kinakuwa kinakaribia kujaa, na unaingia chumba kinachofuata mikono ikiwa tayari. Huhitaji ufundi wa ajabu. Unahitaji mpangilio mmoja tu ukae kwenye vidole: uwezo wote, badili, uwezo wote, badili.

Ukiwa na gemu nyingine ya aina hii, kuna jambo la kulipima mapema: je, uwezo wa mhusika aliyepumzika unaendelea kuchaji akiwa nje? Utumie, badili, subiri kidogo, rudi, uangalie alama yake. Jibu linaamua jinsi unavyocheza. Uwezo ukiendelea kuchaji, kubadili mara kwa mara ni faida tupu. Usipoendelea, itabidi mmoja awe ndiye mpiganaji mkuu na mwingine aingie kwa kazi maalumu.

Kwa mabosi, yaani maadui wakubwa wanaofunga kila sehemu ya gemu, mpangilio ni uleule, ila saa unapewa na bosi. Wa kwanza kwenye Skul ni Yggdrasil, mti mkubwa wenye uso na mikono, na nadhani watengenezaji walimweka pale makusudi ili akufundishe kusoma ishara. Mkono unainuka, unasita, unashuka. Tazama kule kusita. Anayeanza huchomoka, yaani huruka pembeni kwa kasi kukwepa, mkono unapoinuka, akajikuta amemaliza kuchomoka kabla mkono haujatua, na unamkuta amesimama. Ngoja mkono usite, ndipo uchomoke. Baada ya kishindo kuna kitambo ambacho bosi hana la kukufanya, na kitambo hicho ndicho cha kumwaga uwezo na kubadili. Ukiona pigo jingine linaandaliwa, acha ulichokuwa unafanya. Wanaokufa kwa bosi huyu wengi wao wameuawa na tamaa ya kugonga mara moja zaidi.

Kuchagua jozi ni somo la pili kwa uzito. Mafuvu ya Skul yamegawanyika katika aina tatu, za nguvu, za kasi na za wastani, na mtu hushawishika kuamini kwamba jozi bora ni nzito pamoja na nyepesi. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna kigezo kinachotangulia hicho: aina ya madhara. Kuna mafuvu yanayoumiza kwa nguvu za mwili na mengine kwa uchawi, na vitu unavyookota njiani huongeza moja au nyingine. Ukiwa na fuvu moja la mwili na jingine la uchawi, kila kitu unachookota kinalisha nusu ya timu. Bora mafuvu mawili ya kawaida yanayokula sahani moja kuliko fuvu adimu ambalo vifaa vyako vyote havilisaidii. Hapa ndipo rangi za uadimu, zile zinazoonyesha fuvu ni la kawaida au la nadra, zinapowadanganya watu. Fuvu lenye rangi ya juu linaanguka, mtu anatupa alilolijenga kwa nusu ya raundi, na vyumba viwili baadaye anashangaa kwa nini maadui hawafi.

Fuvu usilolitaka usiliache chini. Livunje, upate mifupa, na mifupa hiyo ndiyo Arachne, buibui unayekutana naye ndani ya gemu, anayoitumia kuliamsha fuvu ulilonalo liwe toleo la juu zaidi. Kwa njia hiyo fuvu la hali ya chini ulilolipata mwanzoni linaweza kukufikisha mbali, mradi ulilishe.

Vitu navyo vina alama, mbili kwa kila kimoja, na alama zinazofanana zikijumlishana zinafungua faida ya ziada. Nafasi za kubebea ni 9 tu. Mwanzoni chukua chochote kinachokuongezea madhara ya aina yako. Zikishajaa nusu, anza kuangalia alama zipi zimejirudia, kisha zifuate hizo. Kupanga mapema zaidi ya hapo ni kuiomba bahati nasibu ikutii, nayo haitii.

Milango inahitaji maneno machache. Mwisho wa chumba unaonyeshwa milango na kila mmoja unaonyesha zawadi iliyoko mbele: fuvu, kifaa au dhahabu. Mpaka upate fuvu la pili linalokufaa, fuata mafuvu. Baada ya hapo fuata vifaa. Dhahabu ina maana duka likiwa karibu, kwa sababu ukifa inapotea yote.

Kisichopotea kwenye Skul ni kwozi nyeusi (Dark Quartz), madini unayomrudishia Mchawi pale ngomeni ili akuongezee nguvu za kudumu. Itumie kila urudipo. Hakuna sababu ya kuilimbikiza, na kila raundi unayoingia ukiwa umeiweka mfukoni unapigana ukiwa dhaifu kuliko unavyopaswa. Kwangu mimi uimara wa mwili hutangulia nguvu ya pigo kwa anayeanza, kwa sababu anayedumu chumbani muda mrefu ndiye anayepata nafasi ya kujifunza mienendo ya maadui. Wapo wanaoshikilia kinyume chake, kwamba adui akifa haraka hana muda wa kukuumiza, na kwa mchezaji aliyekomaa nadhani wako sahihi.

Ipo pia hali ya waanzaji kwenye mipangilio, inayopunguza madhara unayopata. Iwashe bila aibu. Namna maadui wanavyopiga inabaki ileile na ishara zao zilezile, kwa hiyo unachojifunza humo utakitumia hata ukija kuizima.

Na unapokufa, kabla hujabonyeza kuanza tena, kumbuka picha ya mwisho kwenye skrini. Angalia uwezo gani ulikuwa umejaa, na kama kitufe cha kubadili kilikuwa tayari. Mara nyingi utakuta fuvu la pili lilikuwa limekaa na uwezo wake wote mzima, tangu mlango wa chumba ulipofunguka.