Je, wajua kwa nini moto wa injini ya ndege ya kivita haupeperushwi na upepo?

Simama kwenye daraja la Mto Karanga hapa Moshi wakati wa masika, utafute jiwe kubwa lililochomoza majini. Maji yanalipita mbio kushoto na kulia. Nyuma yake, upande wa chini, pana kipande cha maji kisichofuata mto: jani likinaswa humo huzunguka, hulirudia jiwe, huzunguka tena.

Sasa ufikirie injini ya ndege ya kivita. Rubani akitaka nguvu ya ziada, mafuta hupulizwa sehemu ya nyuma ya injini, na mchanganyiko wake na hewa hupita kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Moto wenyewe ni mzito wa miguu. Katika gesi ya kupikia iliyochanganyika vizuri na hewa tulivu, husonga kama sentimita 40 tu kwa sekunde. Joto na msukosuko wa injini huuongezea mwendo, lakini bado ungefagiliwa nje mara moja.

Ndiyo maana njiani huwekwa vyuma vyenye umbo la V, ncha ikielekea upepo unakotoka. Wengi hudhani kazi yake ni kukinga upepo basi, na hapo wamepata nusu ya jibu. Gesi inayozunguka nyuma ya chuma, kama lile jani, imeshaungua na ina joto kali. Mchanganyiko mbichi unaopita ukingoni huigusa, huwaka, na sehemu ya gesi iliyoungua huvutwa kurudi ndani. Ni kama kaa linalofukiwa majivuni usiku ili asubuhi liwashe kuni, ila hapa kuni mpya zinapita bila kusimama.

Kaa hilo nalo lina kikomo. Miaka ya 1950, huko California, Edward Zukoski na Frank Marble walionyesha kuwa suala ni muda. Tuseme eneo la mzunguko lina urefu wa sentimita 20 na upepo unakwenda mita 100 kwa sekunde: mchanganyiko una sehemu mbili tu za elfu za sekunde kushika moto. Ukihitaji zaidi ya hapo, unapita mbichi, eneo linapoa, moto unazimika. Chuma kipana hurefusha eneo hilo, hivyo moto hustahimili kasi kubwa zaidi. Mafuta yakiwa machache mno au mengi mno, mchanganyiko huchelewa kuwaka, na moto huzimika hata kwa kasi ndogo.

Mbona basi wasiweke chuma kipana sana? Kwa sababu huziba njia na kupunguza nguvu ya injini, hata moto huo usipowashwa.

Ndege za abiria zinazotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hutumia njia nyingine. Mapezi madogo yaliyopinda huizungusha hewa inapoingia kwenye chumba cha moto, mpaka katikati gesi ya moto ikarudi nyuma kukutana na mafuta mapya. Jiwe halipo, lakini mzunguko ni uleule.