Ufafanuzi: Soda hailegezi pistoni iliyoganda

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wakulima wa Nachingwea na Masasi unadai injini ya trekta kuukuu ikijamu, yaani pistoni ikiganda ndani ya silinda (tundu inamopanda na kushuka), umwage soda humo, kesho trekta livutwe na gari, litawaka. Si kweli. Watu huchanganyikiwa kwa sababu asidi ya soda hulainisha kutu ya juu juu kwenye bolti. Lakini iache soda kwenye kisosi siku mbili juani uguse: ule unato ndio unaobaki kwenye ringi, yaani pete za pistoni. Na kuvuta ndiko kubaya zaidi, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inaweza kupinda. Fungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, subiri siku kadhaa, gonga pistoni taratibu kwa kipande cha mti mgumu. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.